Ukiongeza KSh 200 kila siku: wastani unapanda, mawimbi yanabaki pale pale

Muulize mwenye biashara ndogo anapata ngapi kwa siku, na mara nyingi atakujibu kwa namba moja: "Kama elfu moja hivi." Namba hiyo moja ndiyo anayotumia kupangia kodi ya nyumba, karo, akiba, na hata mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Halafu Jumapili inafika, mauzo ni duni, na rejesho la siku halitimii. Anabaki akijiuliza, "Kwani pesa imeenda wapi, na hesabu ilikuwa sawa?"

Hesabu inaweza kuwa sawa kabisa na bado ikakuacha pabaya, kwa sababu wastani ni habari moja tu kati ya tatu. Leo tutaangalia zote tatu kwa kutumia biashara ya chai na chapati. Halafu tutauliza swali moja ambalo kila mtu hujiuliza akitafuta njia ya kuongeza kipato: nikiongeza kiasi kile kile kwa kila siku, ni nini kitabadilika na ni nini hakitabadilika?

Huhitaji kuwa ulipenda hesabu shuleni. Ukijua kujumlisha, kutoa na kugawanya, tuko pamoja. Chukua simu yako, fungua kikokotoo, twende kazi.

Wiki moja ya kibanda cha chai

Tuseme kuna mama anayeuza chai na chapati karibu na steji ya matatu. Wateja wake wengi hulipa kwa simu, kwa hivyo ni rahisi kuona kila siku ilileta nini. Tukishatoa unga, mafuta, maziwa, sukari na makaa, faida yake ya wiki ni hii (namba ni za mfano tu):

- Jumatatu: KSh 900
- Jumanne: KSh 600
- Jumatano: KSh 900
- Alhamisi: KSh 1,100
- Ijumaa: KSh 1,200
- Jumamosi: KSh 1,800
- Jumapili: KSh 500

Sasa tutoe habari tatu kutoka kwa namba hizi saba.

Habari ya kwanza: wastani. Jumlisha siku zote, unapata KSh 7,000. Gawanya kwa 7, unapata KSh 1,000. Maana yake ni kwamba kama pesa za wiki zingegawanywa sawa kwa sawa, kila siku ingepata elfu moja. Lakini hebu rudi kwenye orodha. Hakuna hata siku moja iliyoleta elfu moja kamili.

Habari ya pili: namba ya katikati. Hii ndiyo wengine huiita mediani. Panga siku kuanzia ndogo hadi kubwa: 500, 600, 900, 900, 1,100, 1,200, 1,800. Ile ya nne ndiyo iko katikati, kwa sababu ina tatu upande huu na tatu upande ule. Kwa mama wetu ni KSh 900. Iko chini ya wastani kwa sababu Jumamosi yenye 1,800 inauvuta wastani kwenda juu, lakini haiivuti namba ya katikati. Ukitaka kujua siku ya kawaida inafananaje, mara nyingi namba ya katikati inakuambia ukweli zaidi.

Habari ya tatu: mkengeuko sanifu. Jina ni kubwa, kazi yake ni ndogo. Inapima siku zako zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani. Kwa lugha ya kibandani, inapima mawimbi: siku nzuri na siku mbaya zimeachana kiasi gani?

Inapatikana hivi. Chukua kila siku, angalia iko mbali kiasi gani na wastani wa 1,000:

- Jumatatu iko chini kwa 100
- Jumanne iko chini kwa 400
- Jumatano iko chini kwa 100
- Alhamisi iko juu kwa 100
- Ijumaa iko juu kwa 200
- Jumamosi iko juu kwa 800
- Jumapili iko chini kwa 500

Ukijumlisha tu hivi hivi, za juu na za chini zitafutana na utapata sifuri. Kwa hivyo kila pengo tunalizidisha kwa lenyewe: 100 mara 100, 400 mara 400, na kuendelea. Jumla yake ni 1,120,000. Gawanya kwa 7, unapata 160,000. Tafuta kipeuo cha pili cha 160,000, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa 160,000. Jibu ni 400.

Mkengeuko sanifu wa kibanda hiki ni KSh 400. Usomaji wake rahisi ni kwamba siku za mama huyu huchezacheza juu na chini ya wastani kwa kiasi cha kama mia nne, nyingine kidogo, nyingine zaidi.

Kitu kimoja kwa wale wanaotumia Excel: kuna fomula mbili. Moja hugawanya kwa idadi ya siku zote (hapa 7), nyingine hugawanya kwa idadi hiyo ukitoa moja (hapa 6). Ukitumia ya pili utapata kama 432 badala ya 400. Usishtuke. Chagua moja na ubaki nayo. Somo la leo ni lile lile kwa zote mbili.

Oda mpya ya KSh 200 kila siku

Sasa gereji ya jirani inampa mama oda ya kudumu. Kila siku, hata Jumapili, anapeleka chupa za chai kwa mafundi, na baada ya gharama anabaki na KSh 200 zaidi. Haijalishi kama siku ilikuwa nzuri au mbaya, hiyo mia mbili inaingia. Wiki yake sasa ni hii:

- Jumatatu: KSh 1,100
- Jumanne: KSh 800
- Jumatano: KSh 1,100
- Alhamisi: KSh 1,300
- Ijumaa: KSh 1,400
- Jumamosi: KSh 2,000
- Jumapili: KSh 700

Tuangalie zile habari tatu tena.

Wastani: jumla ni KSh 8,400. Gawanya kwa 7, ni KSh 1,200. Umepanda kwa 200 kamili. Sababu ni rahisi: mia mbili imeingia mara saba, jumla ikaongezeka kwa 1,400, na 1,400 ukigawanya kwa 7 unarudi kwenye 200.

Namba ya katikati: panga upya, 700, 800, 1,100, 1,100, 1,300, 1,400, 2,000. Ya nne ni 1,100. Nayo imepanda kwa 200. Fikiria watu saba wamepanga mstari kwa urefu, halafu wote wanapanda juu ya ngazi moja. Kila mmoja yuko juu zaidi, lakini hakuna aliyempita mwenzake. Aliyekuwa katikati bado yuko katikati.

Mkengeuko sanifu: hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani kwa vile pesa imeongezeka, mawimbi nayo yamepungua. Hebu tupime. Jumapili sasa ni 700 na wastani ni 1,200. Pengo ni 500. Kabla ya oda, Jumapili ilikuwa 500 na wastani 1,000. Pengo lilikuwa 500. Jumamosi sasa ni 2,000, iko juu kwa 800. Kabla ilikuwa juu kwa 800. Jaribu siku yoyote, pengo ni lile lile, kwa sababu siku imepanda kwa 200 na wastani pia umepanda kwa 200. Kama mapengo hayajabadilika, mkengeuko sanifu haujabadilika. Bado ni KSh 400.

Kwa hivyo shika hii kanuni:

Ukiongeza kiasi kile kile kwa kila namba, wastani na namba ya katikati hupanda kwa kiasi hicho. Mkengeuko sanifu haubadiliki.

Na ukitoa kiasi kile kile kwa kila namba, wastani na namba ya katikati hushuka kwa kiasi hicho, na mkengeuko sanifu bado haubadiliki.

Rejesho la kila siku nalo ni kiasi kile kile

Hiyo sehemu ya kutoa ndiyo inayogusa mfuko. Rejesho la mkopo la kila siku, akiba ya lazima ya kila siku, au kodi ya kibanda inayolipwa kwa siku, zote ni kiasi kisichobadilika kinachotoka. Hakijali kama ni Jumamosi au Jumapili.

Rudi kwenye wiki ya kwanza, kabla ya oda. Tuseme mama alichukua mkopo wa kulipa KSh 700 kila siku. Aliangalia wastani wa 1,000 akaona atabaki na 300. Ni kweli, kwa wastani anabaki na 300. Lakini siku kwa siku, baada ya rejesho, ni hivi: Jumatatu anabaki na 200, Jumanne anapungukiwa na 100, Jumatano anabaki na 200, Alhamisi 400, Ijumaa 500, Jumamosi 1,100, na Jumapili anapungukiwa na 200. Siku mbili kati ya saba pesa ya siku haitoshi rejesho. Wastani haukumwambia hivyo. Mkengeuko wa 400 ungemwonya: kama siku zako hucheza kwa mia nne, nafasi ya 300 tu kati ya wastani na rejesho ni nyembamba.

Sasa oda ya gereji imekuja. Kwa rejesho lile lile la 700, siku mbaya kabisa ni Jumapili, inayoleta 700 kamili. Analipa, anabaki na sifuri, lakini hajapungukiwa. Hakuna siku iliyoshindwa. Hii mia mbili imemsaidia kweli.

Halafu mtu wa mkopo anampigia simu: "Mama, hongera, naona sasa wastani wako ni 1,200. Unaweza kuchukua mkubwa zaidi, ulipe 900 kwa siku. Bado utabaki na 300 kama zamani."

Na mama anafikiri, si ni kweli? 1,200 kutoa 900 ni 300, kama zamani.

Ni kama zamani kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Toa 900 kwa kila siku ya wiki mpya na utapata: 200, kupungukiwa 100, 200, 400, 500, 1,100, kupungukiwa 200. Linganisha na orodha ya zamani. Ni ile ile, shilingi kwa shilingi. Mia mbili iliyoingia kila siku imetoka kila siku, na siku mbili mbaya zimerudi. Mama ana deni kubwa zaidi, kazi zaidi ya kupeleka chai, na hatari ile ile ya Jumanne na Jumapili.

Kabla hujakubali makato mapya ya kila siku, usiulize tu "wastani wangu ni ngapi?" Uliza pia "siku yangu mbaya kabisa huleta ngapi?"

Njia tatu za kufikia wastani wa 1,200

Oda ya gereji ilipandisha wastani kutoka 1,000 hadi 1,200. Lakini kuna njia nyingine za kufika hapo hapo, na hazifanani hata kidogo. Tuziweke pamoja.

Njia ya kwanza: 200 kila siku. Hii tumeiona. Wastani 1,200, namba ya katikati 1,100, mkengeuko 400.

Njia ya pili: asilimia 20 zaidi kila siku. Tuseme badala ya oda, steji imehamishiwa magari zaidi na faida ya kila siku imepanda kwa asilimia 20. Siku nzuri inapata nyongeza kubwa, siku mbaya inapata nyongeza ndogo: 1,080, 720, 1,080, 1,320, 1,440, 2,160 na 600. Jumla ni 8,400, wastani ni 1,200. Namba ya katikati ni 1,080. Lakini mkengeuko umepanda nao kwa asilimia 20, kutoka 400 hadi 480. Ukizidisha kila namba, mawimbi nayo yanazidishwa.

Njia ya tatu: siku moja tu. Tuseme hakuna oda wala magari mapya, ila Jumamosi moja kuna harusi mtaani na mama anapata faida ya ziada ya KSh 1,400. Jumamosi hiyo inakuwa 3,200, siku nyingine zinabaki kama zilivyokuwa. Jumla ni 8,400 na wastani ni 1,200. Namba ya katikati haijasogea, bado ni 900. Mkengeuko umeruka kutoka 400 hadi karibu 849, zaidi ya mara mbili.

Sasa weka rejesho la KSh 700 kwa kila njia na uhesabu siku ambazo pesa ya siku haitoshi:

- Njia ya 200 kila siku: hakuna hata moja
- Njia ya asilimia 20: siku moja (Jumapili, 600)
- Njia ya harusi: siku mbili (Jumanne 600 na Jumapili 500)

Wastani ni mmoja, 1,200, kwa biashara zote tatu. Mtu akikuonyesha wastani peke yake, hawezi kujua uko kwenye njia gani. Na wewe mwenyewe ukijipimia kwa wastani wa wiki ya harusi, utajipangia maisha ya pesa ambayo wiki ijayo haitakuwepo.

Mifano unayoijua hapa Kenya

Tofauti kati ya kiasi kile kile na asilimia haiko kibandani tu. Iko kwenye mshahara na kwenye misaada ya serikali.

Kwa miaka mingi, kabla viwango vipya kuanza kutumika Februari 2023, mfanyakazi aliyeajiriwa alikatwa KSh 200 kwa mwezi ya NSSF. Mwenye 20,000 alibaki na 19,800, mwenye 100,000 alibaki na 99,800. Pengo kati yao lilikuwa 80,000 kabla ya makato, na 80,000 baada yake. Wastani wa wafanyakazi wote ulishuka kwa 200, mtawanyiko haukuguswa. Lakini ukiangalia uzito, 200 kwa mwenye 20,000 ni asilimia 1, na kwa mwenye 100,000 ni asilimia 0.2 tu.

Linganisha na makato ya bima ya afya ya SHIF yaliyoanza Oktoba 2024, ambayo kwa aliyeajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye 20,000 anakatwa 550, mwenye 100,000 anakatwa 2,750. Kwa kuangalia makato hayo peke yake, pengo lao linatoka 80,000 hadi 77,800. Asilimia hubana mtawanyiko ikitolewa, na huupanua ikiongezwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyongeza za asilimia. Serikali ilipotangaza nyongeza ya asilimia 12 kwa kima cha chini cha mshahara tarehe 1 Mei 2022, aliyekuwa kwenye kiwango cha juu zaidi alipata shilingi nyingi kuliko aliyekuwa kwenye kiwango cha chini zaidi, na pengo lao la shilingi likakua kidogo.

Mfano mwingine ni mpango wa Inua Jamii. Mzee aliyesajiliwa hupangiwa KSh 2,000 kwa mwezi, na mwenzake wa kijiji kingine vile vile. Tuseme mmoja hutumiwa na bintiye 1,000 kwa mwezi, na mwingine hutumiwa na watoto wake 9,000. Pengo lao ni 8,000. Wakipata 2,000 kila mmoja, wa kwanza ana 3,000 na wa pili ana 11,000. Pengo bado ni 8,000. Lakini kwa yule wa kwanza pesa ya mwezi imekuwa mara tatu, na kwa wa pili imeongezeka kwa zaidi kidogo ya moja ya tano.

Hapa tunapata jambo muhimu. Kiasi kile kile hakipunguzi mawimbi kwa shilingi, lakini hupunguza uzito wa mawimbi. Kwa mama wa chai, mkengeuko wa 400 juu ya wastani wa 1,000 ni asilimia 40. Baada ya oda, ni 400 ile ile juu ya 1,200, yaani kama asilimia 33. Bahari haijatulia, ila mashua imekuwa kubwa kidogo. Ndiyo maana oda ndogo ya kudumu ni kitu cha thamani, mradi usiiweke rehani siku ile ile inapoingia.

Basi mawimbi yanapunguzwaje?

Kama kuongeza kiasi kile kile hakupunguzi mkengeuko, ni nini kinachopunguza? Jibu ni kuhamisha pesa kutoka siku nzuri kwenda siku mbaya.

Turudi kwenye wiki ya kwanza kabisa, isiyo na oda yoyote. Jumamosi ilileta 1,800. Tuseme jioni ile mama anaweka 600 kwenye akiba ya simu, pembeni, mahali ambapo hatazigusa kwa matumizi ya kawaida. Jumapili anajirudishia 300, na Jumanne anajirudishia 300 nyingine. Akifanya hivyo kila wiki, pesa ya kutumia kwa siku inakuwa hivi:

- Jumatatu: KSh 900
- Jumanne: KSh 900
- Jumatano: KSh 900
- Alhamisi: KSh 1,100
- Ijumaa: KSh 1,200
- Jumamosi: KSh 1,200
- Jumapili: KSh 800

Jumla bado ni 7,000. Wastani bado ni 1,000. Namba ya katikati bado ni 900. Lakini mkengeuko sanifu umeshuka kutoka 400 hadi karibu 151. Na rejesho la 700? Linatoshea kila siku. Siku mbaya kabisa, Jumapili, inabaki na 100 mkononi.

Hajaongeza hata shilingi moja ya kipato. Amehamisha 600 tu. Ukiweka na kutoa pesa kwa njia inayotozwa ada, ihesabu hiyo ada kwanza, kwa sababu ada ndogo ikirudiwa kila wiki hula akiba. Afadhali uhamishe mara moja kiasi kinachotosha kuliko mara nyingi kidogo kidogo.

Ukiwa na uwezo, fanya yote mawili: tafuta kitu cha kudumu cha kuongeza kila siku, na uhamishe sehemu ya siku nono kwenda siku nyembamba. La kwanza linapandisha wastani, la pili linatuliza mawimbi. Moja haliwezi kufanya kazi ya lingine.

Jaribu mwenyewe

Mwendesha bodaboda alipata hivi kwa siku tano, baada ya mafuta: KSh 700, 1,300, 900, 1,100 na 1,000.

1. Wastani, namba ya katikati na mkengeuko sanifu ni ngapi?
2. Anampelekea mwenye pikipiki KSh 300 kila siku. Zile habari tatu zinakuwa ngapi?
3. Mwenye pikipiki anasema, "Kijana wangu, wacha tubadilishe, uwe unaniletea asilimia 30 ya ulichopata siku hiyo." Zinakuwa ngapi sasa? Ni mpango gani unamfaa siku mbaya?

Usichungulie kabla hujajaribu!

Majibu. (1) Wastani 1,000, namba ya katikati 1,000, mkengeuko 200. (2) Wastani 700, namba ya katikati 700, mkengeuko bado 200. Hukuhitaji hata kuhesabu upya, ni kutoa 300 tu kwa zile mbili za kwanza. (3) Wastani 700, namba ya katikati 700, lakini mkengeuko unashuka hadi 140. Siku mbaya ya 700, mpango wa kwanza unamwachia 400, wa pili unamwachia 490. Siku nzuri ya 1,300, wa kwanza unamwachia 1,000, wa pili 910. Kwa wastani ni sawa kabisa. Anayeogopa siku mbaya achague asilimia, anayeweza kuvumilia mawimbi abaki na 300.

Kwa ufupi

- Kuongeza au kutoa kiasi kile kile kwa kila siku: wastani na namba ya katikati husogea kwa kiasi hicho, mkengeuko hausogei.
- Kuongeza asilimia: vyote vitatu hupanda kwa asilimia hiyo.
- Kuongeza siku moja tu: wastani hupanda, namba ya katikati inaweza isisogee kabisa, na kama siku hiyo ilikuwa tayari kubwa, mkengeuko hupanda.
- Kuhamisha kutoka siku nzuri kwenda siku mbaya: wastani hausogei, mkengeuko hushuka.

Kazi yako ya leo ni ndogo. Fungua taarifa ya miamala kwenye simu yako, andika kilichobaki kila siku kwa siku saba zilizopita, kisha utafute wastani, namba ya katikati, na siku mbaya kabisa. Ukitaka uhakika zaidi, tumia wiki nne badala ya moja. Halafu chukua kila makato ya kila siku uliyokubali na uyapime dhidi ya siku ile mbaya. Kama inayabeba, uko sawa. Kama haiyabebi, sasa unajua ni siku gani inahitaji kusaidiwa, na ni siku gani inaweza kusaidia.